Kengele ya Moshi Nyumbani: Sheria, Betri na Sambusa

(Mada iliyotolewa baada ya swala ya tarawehe mbele ya vijana na wazazi. Imeandikwa hapa kama ilivyosemwa, ila imepunguzwa kidogo.)



 Mashekhe wetu, wazazi wetu, kaka na dada zangu. Wakubwa wa jumuiya waliponiambia nizungumze usiku huu walinipa uhuru wa kuchagua mada. Najua wengi mwatarajia mada ya saumu au ya adabu za Qur'ani, lakini humu ndani wamekaa watu wanaozijua hizo kuliko mimi. Mimi nitazungumzia kitu kidogo cha plastiki, cheupe, cha mviringo, kiasi cha kisahani cha chai, kinachobandikwa juu darini. Kinaitwa kengele ya moshi. Nimekichagua kwa sababu mimi mwenyewe nilikikosea, na Allah akanisitiri.

Ramadhan ya mwaka 2023 nilikuwa Uingereza, mji wa Leicester, kwa masomo ya muhula mmoja. Mwaujua mji huo kwa sifa. Umejaa Waislamu, na wazee wengi wa Kihindi walihamia huko wakitoka Afrika Mashariki, hasa baada ya mwaka 1972 walipofukuzwa Uganda. Ukienda dukani waweza kusikia mzee anakuuliza kwa Kiswahili, "Mohogo wataka?" Nilikaa kwa shangazi yangu, ndugu wa baba. Nyumba ya kupanga, zile zilizoshikana ukuta kwa ukuta, chini jikoni na sebule, juu vyumba vya kulala. Darini palikuwa na kengele mbili, moja ukumbini chini, moja juu penye ngazi.

Shangazi alinisimulia kuwa siku aliyohamia, mwenye nyumba alikuja na karatasi. Akapanda kiti, akabonyeza kengele ya kwanza, ikalia. Akapanda juu, akabonyeza ya pili, ikalia. Kisha akamwambia shangazi atie sahihi kuwa amezisikia zote mbili. Shangazi alicheka. Alisema, "Kwetu mwenye nyumba hunionyesha stima inawaka na maji yatoka, basi. Huyu anipigia kengele!"

Si kwamba mwenye nyumba yule alikuwa mwema sana. Ni sheria. England wana kanuni zilizoanza kufanya kazi tarehe 1 Oktoba 2015, za kengele za moshi na za hewa ya kaboni monoksaidi. Mwenye kupangisha nyumba lazima aweke angalau kengele moja ya moshi katika kila ghorofa inayokaliwa na watu. Lazima ahakikishe inafanya kazi siku ile mpangaji anapoanza kupanga, si kesho yake. Asipofanya, baraza la mji humwandikia ilani na kumpa siku 28 arekebishe. Akipuuza, faini yaweza kufika pauni 5,000. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2022 wakaikaza zaidi: nyumba za mabaraza na za mashirika ya makazi, ambazo mwanzo hazikuguswa, nazo zikaingizwa, na mpangaji akiripoti kengele mbovu, mwenye nyumba hana budi kuitengeneza au kuleta nyingine. Scotland nao, tangu tarehe 1 Februari 2022, wamekwenda mbele zaidi. Huko ni kila nyumba, ya kupanga au ya kwako mwenyewe. Sebule mnayoitumia sana iwe na kengele, kila ukumbi na kila penye ngazi iwe nayo, na jikoni iwepo ile inayohisi joto. Na zote ziwe zimeunganishwa, moja ikilia zote zalia, hata ukiwa umelala chumba cha mwisho.

Sasa nisikilizeni kosa langu.

Siku ya kwanza ya funga, shangazi alikuwa jikoni akikaanga sambusa, na mimi nikimsaidia viazi karai. Mwajua mafuta ya sambusa yakishika moto moshi wake unavyokuwa. Nje baridi, madirisha yote yamefungwa. Robo saa kabla ya maghrib kengele ya ukumbini ikaanza kulia. Sauti yake si ya mchezo. Mtoto mchanga wa binamu yangu akaamka analia, shangazi anapepea kwa kitambaa cha meza, jirani anagonga ukuta. Mimi, shujaa wa nyumba, nikapanda kiti, nikaigeuza, nikatoa betri. Kimya. Nikaitia betri katika droo ya jikoni, pamoja na funguo na risiti kuukuu. Nikasema nikishafuturu nitairudisha.

Sikuirudisha. Kesho yake kulikuwa na bajia, kesho kutwa kaimati. Kila siku nilijiambia, kwani kuna faida gani kuirudisha na jioni italia tena? Na wallahi sikuwa na hisia yoyote kuwa nimefanya dhambi. Nilikuwa naswali tarawehe zote.

Usiku wa kuamkia ishirini hivi, shangazi aliteleka mbaazi za nazi kwa ajili ya daku. Kiasi cha saa nane usiku. Akakaa sebuleni asubiri ziive, usingizi ukamchukua. Mchana kutwa alikuwa amefunga na kufanya kazi, nani atamlaumu? Sufuria ikakauka, mbaazi zikaungua, kitambaa kilichokuwa karibu na stovu kikashika moto. Binamu yangu mkubwa alikuwa msikitini kwenye kisimamo cha usiku. Alirudi kiasi cha saa tisa, akafungua mlango, moshi ukamtoka usoni. Mimi nilikuwa juu, nimelala fofofo. Kilichoniamsha ni ukelele wake. Moshi ulikuwa umeshapanda ngazi, nuru ya taa ya ukumbini ilikuwa kama ya mwezi wenye wingu. Alikizima kile kitambaa kwa taulo la maji, tukatoka nje sote barabarani, shangazi hana hata viatu. Mtoto alikuwa akikohoa, akapelekwa hospitali, wakamweka mpaka adhuhuri wakimwangalia. Alhamdulillah alirudi mzima.

Tulipokuwa pale barabarani shangazi aliniuliza swali moja tu. "Mbona kengele haikulia?" Nilikuwa na kanzu ya kulalia, baridi inanitetemesha, na nilijua jibu.

Wengi wetu hufikiri, mimi moshi ukiingia chumbani nitausikia harufu, nitaamka. Si kweli. Pua ya mtu aliyelala haifanyi kazi kama ya aliye macho. Sikio ndilo linalobaki mlango wazi. Ndiyo sababu mpiga ngoma wa daku hupiga ngoma, hachomi ubani barabarani. Tena moshi wenyewe hauji kukuamsha, waja kukulaza zaidi, maana ndani yake mna ile hewa ya kaboni monoksaidi inayoingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Wengi wanaokufa katika moto wa nyumbani hawafikiwi na mwali. Wanamalizwa na moshi wakiwa kitandani au njiani kuelekea mlangoni. Marekani, ambako wamehesabu kwa miaka mingi, karibu watatu katika kila watano wanaokufa kwa moto wa nyumbani hufia katika nyumba zisizo na kengele au zenye kengele isiyofanya kazi. Na kengele nyingi zisizofanya kazi, sababu ni betri kutolewa, kukatika au kuisha. Yaani watu kama mimi.

Kuna ndugu aliniambia juzi, "Lakini hayo si ni kukosa tawakkul? Ajali ni qadar." Nikamwambia ndugu yangu, soma Bukhari na Muslim. Abu Musa al-Ash'ari (R.A.) anapokea kuwa nyumba moja Madina iliungua usiku na watu wake wamo ndani. Mtume (S.A.W.) alielezwa habari yao. Alifundisha kuwa moto huu ni adui yetu, na kwamba tunapolala tuuzime. Katika mapokezi mengine, ya Jabir (R.A.), akataja mpaka sababu: panya huweza kuuvuta utambi wa taa akawachomea watu nyumba yao. Panya! Hebu fikirini, Mtume wa Allah anawatazamia watu wake hata panya na utambi. Hiyo ndiyo tawakkul ya waliokuwa na elimu. Sisi leo hatuna utambi, tuna chaja ya simu iliyoachwa chini ya mto, tuna waya wa stima uliounganishwa mara nne, tuna chetezo chenye makaa tunakiacha chumbani kitie harufu nzuri huku tunasinzia.

Na kuhusu sheria. Wapo wanaosema, hiyo ni sheria ya watu wa huko, mimi yanihusu nini? Ukiishi katika nyumba ya mtu kwa mkataba, umeahidi. Qur'ani mwanzoni mwa Surat al-Maida inatuamrisha kutimiza ahadi. Shangazi alitia sahihi kuwa kengele zalia, mimi nikaifanya sahihi yake iwe uongo. Na pembeni ya ukuta kulikuwa na mzee wa Kigujarati na mkewe mgonjwa, maana nyumba zimeshikana. Moto wangu si wangu peke yangu.

Sitaki mdhani kengele ni hirizi. Kuna habari mbili nazitaja, kwa sababu zinatuhusu kama Waislamu na kwa sababu kila moja ina funzo tofauti.

Ya kwanza ni Grenfell Tower, London, usiku wa kuamkia Jumatano tarehe 14 Juni 2017. Ilikuwa Ramadhan, mwaka 1438. Jengo la ghorofa 24. Moto ulianzia kwenye friji katika nyumba moja ya ghorofa ya nne. Mwenye nyumba ile aliamshwa na kengele yake ya moshi, akapiga simu kwa wazima moto kabla ya saa saba, akatoka, akagonga milango ya majirani zake. Kufikia hapo kengele ilifanya kazi yake sawasawa. Lakini jengo lilikuwa limevishwa nje mabamba yanayoshika moto, ukapanda kwa nje mpaka juu, na hapakuwa na kengele ya kuamsha jengo zima. Watu waliambiwa wabaki majumbani mwao, na agizo hilo halikubadilishwa mpaka karibu saa tisa kasoro robo. Walikufa watu 72, wakiwemo Waislamu wengi, Allah awarehemu. Magazeti yaliandika siku zile juu ya vijana wa Kiislamu waliokuwa macho wakingojea daku, waliokwenda kugonga milango na kuwaamsha waliolala. Kwa hiyo mtu alifanya kazi ambayo chombo kilikosekana kuifanya. Kengele zile zilizounganishwa nilizowatajia za Scotland, wazo lake lilipata nguvu baada ya usiku huo.

Ya pili ni Bronx, New York, Jumapili tarehe 9 Januari 2022. Jengo la ghorofa 19, wakazi wengi ni Waislamu wenye asili ya Gambia. Hita ya stima ya kupashia chumba joto ilishika moto. Mlango wa nyumba ile, uliotakiwa ujifunge wenyewe, haukujifunga, moshi ukapanda ngazi kama bomba la kiwanda. Walikufa watu 17, wanane kati yao watoto, wote kwa moshi. Na kengele? Zililia! Lakini katika jengo lile kengele zilikuwa zikilia ovyo kila mara, na wakazi walieleza kuwa walishazoea, wakadhani ni kawaida. Hili linaniuma kuliko lote, kwa sababu nyumba ya shangazi ilikuwa njia hiyo hiyo. Mimi niliiua kengele, wao waliizoea.

Basi kengele ikilia kila ukikaanga, dawa yake si kutoa betri. Kwanza jua kuna aina mbili. Moja hutumia chembe ndogo sana ya madini yenye mionzi, nayo ni nyepesi kushtuka kwa moto wa mwali na pia kwa moshi wa kupikia. Nyingine hutumia mwanga ndani ya kijumba chake, moshi ukiingia mwanga hutawanyika, ikalia. Hii ya mwanga ni nzuri kwa moto wa polepole, kama godoro au kochi linalofuka, na haisumbuliwi sana na kikaango. Hiyo ndiyo ya kuweka ukumbini karibu na jikoni. Ndani ya jikoni kwenyewe weka ile ya joto, haijali moshi wa sambusa. Kengele nyingi pia zina kitufe cha kuinyamazisha kwa dakika chache, kisha zajirudia zenyewe. Nilikuja kukiona kitufe hicho baada ya ule usiku. Kilikuwepo miaka yote.

Mahali pake ni darini, katikati au angalau sentimita 30 kutoka ukutani, maana moshi hupanda na pembeni hewa husimama. Ukiwa na moja tu iweke njiani baina ya jikoni na vyumba vya kulala. Ibonyeze kila mwezi. Kijana wa nyumba akirudi msikitini Ijumaa ya kwanza ya mwezi na apande kiti. Ikianza kutoa sauti kama ya kifaranga usiku, ti... ti..., betri inaisha, msiitukane, nunueni nyingine. Vumbi la feni huiziba, ifute. Na ikifika miaka kumi itupe, hata kama bado yalia. Tarehe ya kutengenezwa imeandikwa nyuma.

Tuje kwetu. Mtaniambia, haya ni mambo ya Ulaya. Kenya tuna kanuni za mwaka 2007 za kupunguza hatari ya moto, lakini hizo ni za mahali pa kazi, kiwanda na ofisi. Shule zina mwongozo wa usalama wa mwaka 2008, unaotaka milango ya bweni ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na vyuma. Mwongozo upo, na bado mwaka 2017 tulizika wasichana kumi wa Moi Girls, Nairobi, na mwaka 2024 wavulana 21 wa Endarasha, Nyeri. Wote usiku, bwenini. Chumba cha kupanga cha Kisauni, Majengo au Eastleigh, mimi sijaona mwenye nyumba aje siku ya kuhamia abonyeze kengele. Katika ploti ninayokaa mimi Nairobi, kuna kisahani darini ukumbini. Nilifurahi nilipokiona. Nikapanda kiti kama kawaida yangu, nikakuta ni kifuniko kitupu, ndani hamna kitu, na kimepakwa rangi pamoja na dari. Nilipomuuliza anayesimamia ploti alisema kiliwekwa siku ya ukaguzi.

Kwa hiyo nimenunua yangu. Haizidi bei ya nguo moja ya Idd. Mkienda kununua tazameni ina kitufe cha kujaribia na tarehe nyuma, maana bandia zipo. Nyumba za makuti zenye upepo unaopita juu haitasaidia sana, moshi watoka kabla haujafika. Lakini hizi fleti zetu za sasa, dari zimezibwa na madirisha ya vioo, hizo ndizo hasa.

Na hapa naomba akina mama wanisikilize. Kengele ya moshi haijui jiko la makaa. Makaa yakishakolea hayatoi moshi wa kuonekana, yatoa ile kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Kila msimu wa baridi twasikia familia imelala na jiko ndani na haikuamka. Kengele yake ni nyingine, na sheria ya England imeitenga kando: kila chumba chenye chombo kilichofungwa cha kuchoma kuni, makaa, mafuta au gesi lazima kiwe nayo, isipokuwa jiko la gesi la kupikia. Lakini kwa jiko letu la makaa hata msinunue kengele. Litoeni nje kabla ya kulala. Na chetezo pia.

Jambo jingine ni kufuli. Nyumba zetu zina vyuma madirishani na mlango una kufuli kwa ndani kwa ajili ya wezi, na ufunguo huwa chini ya mto wa baba. Kengele ikilia saa tisa usiku, stima imekatika, nani atautafuta? Utundikeni msumarini karibu na mlango, mahali ambapo mtoto wa miaka minane aufikia na mwizi wa dirishani haufikii. Kisha usiku mmoja, kabla ya Ramadhan hii kwisha, zimeni taa, bonyezeni kengele, mtazame kila mmoja atatoka vipi na nani atamchukua bibi. Watoto watapenda. Sisi tulifanya Leicester wiki ile ile, shangazi akawa wa mwisho kutoka kwa sababu alirudi kuchukua buibui. Tukamtundikia moja pale pale mlangoni.

Betri niliirudisha asubuhi ile ile kabla ya adhuhuri, kabla mtoto hajatoka hospitali. Shangazi hakunigombeza. Kila nikimpigia simu hadi leo, baada ya salamu huniuliza, "Umebonyeza?"

Nimekuja nayo hapa mfukoni. Nitaibonyeza sasa ili msikie sauti yake ilivyo, na ndugu waliokaa karibu na mlango waniambie kama inafika huko nje. Wale waliolaza watoto huko nyuma mniwie radhi. Baada ya hapo mwenye swali aulize.